Ukitaka kupunguza gia: Manibe, Arua mjini au Koboko?

MFANYABIASHARA wa mpakani hana kiinua mgongo. Mwalimu na askari wanajua siku watakayostaafu, na wanajua kuna ofisi itakayowalipa. Mwenye lori anayepeleka saruji Oraba, au mama anayeleta vitenge kutoka Ariwara, hana barua ya kustaafu. Siku moja mgongo unauma, macho hayaoni vizuri usiku, watoto wamemaliza shule, naye anaanza kujiuliza: nitakaa wapi?

Wengi hawataki kuacha kazi kabisa. Wanataka kupunguza gia tu: lori moja badala ya matatu, duka moja badala ya safari za kila wiki, vyumba vichache vya kupangisha. Kwa Kiswahili cha kawaida tuseme ni kustaafu nusu.

Kwa watu wa njia ya Kampala, Pakwach, Arua hadi Koboko, majina yanayotajwa sana ni matatu: Arua mjini, Manibe na Koboko. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapima. Hoja yake ni moja. Usichague mji kwa jinsi ulivyokulipa biashara ilipokuwa nzuri. Uchague kwa jinsi utakavyokutunza mpaka ukifungwa na lori likiwa limesimama.

Wazungu wanafanyaje?

Jambo hili si letu peke yetu. Kwa miaka mingi Waingereza na Wajerumani wanaokaribia kustaafu wamekuwa wakihamia miji ya pwani ya kusini mwa Hispania, kama vile Nerja, Fuengirola na Estepona, mkoani Málaga. Wanafuata jua, bahari na gharama za maisha zilizo nafuu kuliko kwao.

Walioishi huko muda mrefu huwashauri wageni mambo mawili: panga nyumba kwanza kabla ya kununua, na ukae hapo msimu mbaya, si wakati wa likizo tu. Mji unaopendeza mwezi Agosti unaweza kuwa kimya mwezi Januari, maduka yamefungwa na daktari yuko mbali.

Jambo la tatu waliletewa na sheria. Kipindi cha mpito cha Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya kilipokwisha Desemba 31, 2020, Mwingereza asiye na kibali cha ukaazi alibaki na ruhusa ya siku 90 tu katika kila siku 180. Viza wanayotumia wastaafu wengi huko haimruhusu mwenye nayo kufanya kazi Hispania. Aliyetaka kustaafu nusu, yaani kukaa na kufanya kibarua kidogo, alikuta mlango umebana. Mwenye nyumba na jua lake alijikuta anahesabu siku kama mgeni.

Mambo hayo matatu, yaani kupanga kwanza, kujaribu msimu mbaya na kuuliza sheria kabla ya kulipa, yanafaa West Nile pia.

Miji mitatu, tabia tatu

Arua ilianza kuhesabika kuwa jiji Julai 1, 2020. Jiji lina sehemu mbili, Arua Central na Ayivu. Katikati ya mji kuna benki, mahakama, soko, mafundi wa magari na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa anayetaka kuendelea na duka ni mahali pazuri. Hasara yake ni bei ya ardhi na msongamano. Nafasi ya kuegesha lori ni ya kutafuta, na bustani ya mboga ni ndoto.

Manibe iko ndani ya Ayivu, kilomita chache kaskazini ya mji, kwenye barabara ya kwenda Koboko. Kabla ya 2020 ilikuwa tarafa ya wilaya ya Arua, sasa iko ndani ya mipaka ya jiji. Hapo mtu bado anaweza kupata nafasi ya nyumba, kuku, mihogo na ua wa kuegesha gari, na boda boda inamfikisha sokoni kwa muda mfupi. Lakini kuwa ndani ya jiji kuna maana yake: mipango miji inakuja, ramani ya nyumba inahitaji kibali, na barabara za mtaa zitapanuliwa. Anayenunua leo aulize barabara ya kesho itapita wapi.

Koboko ni habari nyingine. Ilipata wilaya yake mwaka 2005, na baadaye mji ukawa manispaa. Umekaa karibu na mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Kikakwa, Kinubi, Lingala na Kiswahili vinasikika katika soko moja. Ukipenda kunusa biashara kila asubuhi, Koboko haina mpinzani. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipowekwa lami, safari ya Koboko hadi Arua ambayo zamani ilikula nusu ya siku wakati wa mvua ikawa ya saa moja hivi.

Lami hiyo ndiyo imebadilisha hesabu. Zamani mtu alilazimika kuishi pale alipofanyia biashara. Sasa anaweza kulala Manibe na kwenda kuangalia duka lake Koboko mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo swali la makazi na swali la biashara yametengana, na ni vema kuyajibu kila moja peke yake.

Mtihani wa mpaka uliofungwa

Chukua kalamu uandike miaka mibaya. Desemba 2015 Sudan Kusini iliacha kuilinda pauni yake. Bei rasmi ya dola moja ilitoka karibu pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa mkupuo. Aliyekuwa ameweka akiba yake ya uzeeni kwa pauni aliamka maskini.

Julai 2016 vita viliwaka tena Juba na kusambaa Equatoria. Watu walikimbilia West Nile kwa maelfu, na Agosti mwaka huohuo kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe. Njia ya Kaya na Yei, iliyokuwa mshipa wa biashara ya Koboko, ikawa ya hatari.

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini madereva walipimwa na kusubiri, na mchuuzi wa kubeba begani alikatwa kabisa.

Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile yakazunguka njia ndefu. Mafuta yakaliwa, siku zikaongezeka.

Matukio manne ndani ya miaka kumi. Kwa hiyo anayestaafu nusu akiwa na miaka 55 ajue kwamba kabla hajafika 65 huenda akaona mengine kama hayo. Kijana hukopa akasubiri hali itulie. Mzee hana muda wa kusubiri. Ndiyo maana pato lake lote lisitegemee njia moja. Nyumba ya kupangisha Koboko, duka Koboko na lori la kwenda Kaya si vyanzo vitatu vya pato. Ni chanzo kimoja chenye majina matatu, maana mpaka ukifungwa vyote vinasimama siku moja.

Ardhi: karatasi kabla ya pesa

Hapa ndipo wengi huumia. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema ardhi ni ya raia, na inatambua aina nne za umiliki: ya kimila, friholdi, mailo na ya kukodi. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila, na hilo si kasoro. Kasoro ni kuinunua kana kwamba ina hati.

Ukionyeshwa kiwanja Manibe, muuzaji mmoja mwenye haraka hatoshi. Kaa na wazee wa ukoo, majirani wa pande zote nne na mwenyekiti wa LC1. Tembeeni mipaka mkiwa wote. Uliza makaburi yako wapi, kwa kuwa familia haitahamisha babu yake kwa sababu wewe umejenga ukuta. Sheria ya Ardhi ya 1998, kama ilivyorekebishwa 2004, inataka ridhaa ya mke au mume kabla ardhi ya familia haijauzwa. Mauzo yasiyo na ridhaa hiyo ni batili, hata kama mmepeana mikono na kupiga picha. Baada ya kununua, omba cheti cha umiliki wa kimila, au anza safari ya kubadilisha iwe friholdi.

Kwa Mkongo, Mkenya, Mtanzania au Msudani Kusini, zingatia hili: asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi ya kimila, mailo wala friholdi. Anaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Wapo wanaoamini kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limefuta jambo hilo. Halijafuta. Itifaki yenyewe iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo kuingia kwa Sudan Kusini mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022 kulifungua milango ya biashara, si milango ya hati za ardhi.

Mganda anayefikiria kujenga ng'ambo, Aru au Ariwara, naye ajue kwamba Kongo, kwa sheria ya Julai 20, 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na mgeni hupewa haki ya kutumia kwa muda wenye kikomo. Kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au shemeji wa huko ni kumwachia yeye uzee wako.

Hospitali na maji

Dereva wa masafa marefu hustaafu na mizigo mitatu: mgongo, presha na sukari. Kwa hiyo pima umbali wa daktari kwa muda wa kufika saa nane usiku, wala si kwa kilomita. Arua ina Hospitali ya Rufaa. Kusini, upande wa Vurra, kuna Kuluva. Upande wa Koboko kuna hospitali ya Maracha, na Koboko yenyewe ina hospitali. Manibe inanufaika kwa kuwa karibu na mji. Mkazi wa Koboko mwenye ugonjwa unaohitaji daktari bingwa ataifuata Arua mara kwa mara.

Maji nayo yana msimu. Njoo uishi hapo Januari na Februari, wakati wa kiangazi, visima vinapopungua na mto Enyau kushuka. Kiwanja kilichopendeza mwezi Septemba, mvua ikinyesha na kila kitu kijani, kinaweza kuwa na sura nyingine kabisa.

Hesabu ya vyumba vinne

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu amejenga vyumba vinne kwa shilingi milioni 60, pamoja na kiwanja. Kila kimoja anapangisha kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 7,200,000, na hapo wengi husimamisha hesabu.

Tuendelee. Kila chumba kikikaa wazi miezi miwili, zinabaki 6,000,000. Kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya pato ghafi linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, yaani shilingi 381,600. Matengenezo tuseme 600,000. Zinabaki shilingi 5,018,400, kama 418,000 kwa mwezi. Hiyo ni karibu asilimia 8.4 ya mtaji.

Si vibaya, lakini mtu alinganishe na faida ya hati fungani za Serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huuza kwa mnada na mtu anaweza kuanza na shilingi 100,000. Alinganishe pia na NSSF, ambayo tangu sheria yake ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inapokea akiba ya hiari ya wasioajiriwa, wakiwamo wenye maduka na malori. Pesa hizo hazina mpangaji wa kukimbia usiku, wala hazijui kama Kaya imefungwa.

Kabla hujahama

Kwa hesabu hizi, kwa mtu wa kawaida wa njia hii, makazi yanaelekea Manibe au pembezoni mwa Arua, biashara ndogo ibaki Koboko, na sehemu ya akiba iwe mahali pasipotegemea mpaka wowote. Mzaliwa wa Koboko, mwenye ukoo na ardhi yake hapo, hesabu yake ni tofauti, kwani mzee anayezungukwa na ndugu ana bima ambayo kampuni haiuzi.

Anza na kupanga nyumba miezi sita, kiangazi kikiwamo. Nenda na mkeo au mumeo, maana yeye ndiye atakayekaa hapo siku zote wewe ukiwa bado unahangaika na lori. Tafuta mwanasheria akague karatasi kabla shilingi haijatoka mfukoni. Lori la mwisho usiliuze kwa hasira ya safari moja mbaya, wala usilibakize kwa mazoea. Libaki kama linajilipia matairi, bima na dereva, na bado linaleta kitu nyumbani.

Na kama kila hesabu yako inaanza na maneno "mpaka ukiwa wazi", basi bado hujastaafu. Rudi uifanye upya.