Nani Huamua Mtoto Awe wa Kiume au wa Kike?

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, mwanamke akishafikia mwezi wa sita wa mimba yake, mavyaa, mawifi na majirani huanza kumtazama kwa jicho la uaguzi: tumbo likichongoka mbele, hunenwa kuwa amebeba mtoto wa kiume, likitanda mbavuni, ni wa kike, na uso ukifanya madoa, husemwa kuwa binti aliyemo tumboni anamnyang'anya mamaye uzuri.

Itikadi za namna hii ni za kale mno, na hata wenye hekima walizishika, kwani mwanafalsafa Anaxagoras wa Uyunani alifundisha kuwa mtoto wa kiume hutokana na upande wa kulia wa baba na wa kike upande wa kushoto, na dhana ya kulia na kushoto ikadumu vitabuni kwa karne nyingi. Lakini umbo la tumbo hutegemea misuli ya mama, kimo chake, idadi ya mimba alizokwisha kubeba na jinsi mtoto alivyolala. Na madoa ya uso huletwa na homoni za mimba, ambazo hazibagui mama wa binti na mama wa mvulana.

Insafu yatutaka tukiri kwamba dalili moja ina chembe ya ukweli. Uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1999 ulidhihirisha kuwa miongoni mwa wanawake waliolazwa hospitali kwa kutapika kupita kiasi mwanzoni mwa mimba, watoto wa kiume waliozaliwa walikuwa kadiri ya 44 tu katika kila 100. Hata hivyo, anayetabiri binti kwa ajili ya kichefuchefu atakosea mara nyingi sana.

Jambo lenyewe huamuliwa saa ile mimba inapotunga. Mwaka 1905 Bibi Nettie Stevens, mtaalamu wa chuo cha Bryn Mawr huko Marekani, alipochungua kwa hadubini mbegu za uzazi za mdudu wa unga, aliona kuwa nusu yake zilibeba kromosomu kubwa na nusu ndogo, na kwamba ile ndogo ndiyo iletayo dume. Kwa wanadamu ni vivyo hivyo: yai la mama huwa na kromosomu X daima, ilhali mbegu ya baba huwa na X au Y, na ikitangulia yenye Y kuingia yaini, aghalabu mtoto huwa wa kiume. Baba mwenyewe hana hiari katika hilo, na duniani kote huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100.

Nalinena hili kwa uchungu, maadamu wangalipo wanawake wanaosimangwa, wanaoolewa wenza juu yao, hata wanaopewa talaka, kwa hoja kwamba "hawazai ila wanawake," nao hawana mbegu yenye Y ya kumpa mtu yeyote. Enyi waume na mavyaa, acheni kumhukumu mama kwa jambo lisilo mikononi mwake. Na mkitaka kumwuliza mja mzito swali, mwulizeni kama amekwenda kliniki, kama amepimwa damu na shinikizo lake, na kama vidonge vya kuongeza damu anavimeza.