Siasa za Redioni Kikopey

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akiisha kuipita Gilgil na kukaribia kuliona Ziwa Elementaita, aghalabu husimama Kikopey, mahali palipojipatia sifa kwa mbavu za mbuzi zichomwazo kandokando ya barabara kuu, ambapo dereva wa lori, mchuuzi na karani wa serikali hula meza moja, redio ikinguruma juu ya vichwa vyao. Huku hufunguliwa Inooro kwa Kikuyu, kule Kass kwa Kikalenjin, kwingine Citizen kwa Kiswahili. Zote zazungumza siasa, wala wasikilizaji wa hii hawajui yasemwayo katika ile.

Kabla ya miaka ya 1990 mawimbi yalikuwa milki ya serikali. Kameme, stesheni ya kwanza ya binafsi kwa lugha ya kienyeji, ilianza mwaka 2000, na tangu hapo mzee wa kijijini amepata baraza asiloweza kunyang'anywa na chifu. Hupiga simu, hutaja atokako, huwaamkia watu wote, mtangazaji akamwambia, "Endelea, mzee," naye akatetea ardhi ya jadi, dini na heshima ya nyumba. Maneno hayo ni ya kihafidhina, nami naona ni haki yake kamili kuyasema. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 makanisa mengi yaliipinga Katiba mpya kwa ajili ya mahakama za kadhi na suala la uavyaji mimba, na wengi wa wapiga kura wa Bonde la Ufa wakaikataa. Wakashindwa kwa hesabu ya kura, nao wakaipokea.

Amma hatari iko pale mzee anapoacha kutetea shamba lake akaanza kumtaja jirani yake kuwa doa la kufutwa, na mtangazaji, badala ya kuikata simu, akacheka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu 1,133 kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki, Nakuru na Naivasha zikiwaka moto mwishoni mwa Januari 2008, na tume hiyo ikazilaumu baadhi ya stesheni za lugha za kienyeji kwa kuchochea chuki. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass, alishtakiwa huko The Hague. Mashtaka yakafutwa tarehe 5 Aprili 2016 kwa udhaifu wa ushahidi, pasipo mahakama kumtia hatiani. Ibara ya 33 ya Katiba leo yatoa uhuru wa kusema na papo hapo yaukataza uchochezi, lakini sheria haiketi studioni saa kumi na mbili asubuhi. Aketiye ni mtangazaji peke yake.

Nalisikitikia zaidi jambo moja: tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, maji, zahanati na ushuru wa soko vimo mikononi mwa kaunti, ilhali simu nyingi bado ni za kugombea nani ataingia Ikulu. Enyi wenye stesheni, wafundisheni watangazaji wenu na muwape idhini ya kukata simu ya matusi hata kama mpigaji ni mheshimiwa. Nanyi wasikilizaji, mtakapopiga kesho, mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu fedha za maji zimekwenda wapi.