Ukikusanya treni za mfano, chagua reli moja

Anayeanza kukusanya treni za mfano hununua kwa macho. Leo kichwa cha treni cha Marekani, kesho behewa la Ujerumani, keshokutwa treni ya mwendo kasi ya Japani. Baada ya mwaka kabati limejaa, lakini hakuna treni mbili ambazo zingekutana katika stesheni moja. Wazoefu huchagua reli moja na kipindi kimoja, kisha hukataa vingine vyote, hata vikiuzwa bei ya kutupa.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, chaguo lenye uzito ni reli ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyowekwa chini ya uongozi mmoja mwaka 1948 na kugawanywa Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kipindi ni kifupi, na hiyo ni faida: unajua pa kuanzia na pa kuishia. Tena, tangu kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, reli za nchi zote tatu ziliungana. Behewa la Kigoma likisimama Kampala mezani kwako, hakuna wa kukucheka.

Fahari ya reli hiyo ni magarimoshi ya Garratt ya daraja la 59. Yalikuwa 34, yakaundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, yakapakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima. Mawili yamehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania.

Ugumu uko madukani. Treni za Ulaya na Marekani zimejaa tele. Za kwetu ni adimu, na mara nyingi itakubidi uunde mwenyewe au umlipe fundi. Pima pia meza kabla ya kupima mfuko. Garratt ya daraja la 59 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Ukiipunguza mara 87, kipimo kinachotumiwa na wengi, bado unabaki na sentimita 36, na hapo hujafunga behewa hata moja.

Asiye na subira achukue SGR. Upana wake ni milimita 1,435, sawa na reli nyingi za Ulaya, hivyo hutembea juu ya njia ya kawaida ya milimita 16.5 inayouzwa kila mahali.

Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA 1,067. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolazimisha mizigo kuhamishwa pale Kidatu, mkoani Morogoro, kutoka behewa hadi behewa. Kwenye kipimo cha mara 87, zote mbili huwekwa juu ya njia ile ile ya milimita 12, kwa kuwa kinachozidi au kupungua hakifiki hata milimita moja. Mezani, shehena ya Zambia inapita Kidatu moja kwa moja hadi Mwanza. Anayetaka ukweli mtupu itambidi akate njia hapo kwa makusudi, aweke na kiwinchi cha kuhamisha makontena.