Kufundisha Matoleo Mawili ya Programu katika Seva Moja

Seva ni kompyuta inayotunza tovuti na kuzipeleka kwa kila anayeziomba. Tovuti nyingi huendeshwa kwa programu iitwayo PHP, ambayo hutolewa upya mara kwa mara. Toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2020, liliziondoa baadhi ya amri za zamani. Tovuti ya masomo inayotegemea amri hizo yaweza kukwama seva ikibadilishiwa toleo, na wanafunzi wakakosa masomo yao. Je, seva yenye tovuti ya kale na tovuti mpya iendeshweje?

Mwalimu aliye Kilosa anao mfano karibu. Reli ya Kati, iliyojengwa wakati wa utawala wa Wajerumani, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Zote mbili hupita Kilosa, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Lau reli ya kale ingaling'olewa, tawi liendalo Mikumi na Kidatu, ambalo ni la kipimo kile kile cha kale, lingalitengwa.

Seva nayo hufanya vivyo hivyo. Kila toleo huwekwa mahali pake, likawa na mipangilio yake, na huendeshwa peke yake. Mbele husimama programu ya mapokezi, kama vile Apache au Nginx. Hiyo husoma jina la tovuti iliyoombwa, kisha hulipeleka ombi kwa toleo linalohusika.

Darasani, unda makundi mawili. Kundi la Kale lijue amri “simama” na “hesabu”. Kundi Jipya lijue “simama” na “imba”. Mpokeaji mlangoni apeleke kadi za “Mikumi” kwa Kundi la Kale, na za “Kilosa” kwa Kundi Jipya. Kisha liondoe Kundi la Kale, na kadi isemayo “Mikumi: hesabu” ipelekwe kwa Kundi Jipya. Waulize wanafunzi kwa nini kazi imesimama.

Hata hivyo, mfano wa reli una mpaka wake. Reli ya kale yaweza kukarabatiwa na mwenyewe. Bali toleo la PHP 7.4 liliacha kupewa marekebisho ya usalama na watengenezaji wake Novemba 2022. Kwa hiyo wanafunzi waelewe kwamba matoleo mawili huwekwa pamoja ili ipatikane nafasi ya kuirekebisha tovuti ya kale, wala si ili ibaki hivyo daima.