Kisulisuli Kilichobomoa Mji: Tuwaeleze Watoto Namna Gani?

Mtoto akisikia redioni kwamba upepo umebeba nyumba za watu, atauliza maswali mpaka usiku. Mara nyingi sisi wazazi humjibu, "Nyamaza, hayo ni ya mbali." Lakini hofu haiondoki hivyo. Afadhali aelezwe jambo lenyewe, na mfano mzuri ni mji mdogo wa Greensburg, jimbo la Kansas, huko Marekani.

Watoto wetu wanakijua kisulisuli kile kinachoinua vumbi na makaratasi uwanjani wakati wa kiangazi. Hicho huanzia chini, kwenye udongo uliopata joto, na baada ya dakika chache kimekwisha. Tonado ni kitu kingine kabisa, maana hutoka kwenye wingu kubwa la radi. Hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko, ikakutana na hewa kavu ya magharibi, na juu yake kuna baridi. Upepo wa juu ukikimbia kuliko wa chini, hewa iliyo katikati huviringika.

Hebu mpe mtoto gunzi la mahindi aliviringishe kati ya viganja. Hivyo ndivyo hewa inavyozunguka ikiwa imelala. Sasa alisimamishe huku akiliviringisha. Ndani ya wingu, hewa inayopanda kwa nguvu ndiyo husimamisha mzunguko huo. Ukizidi kubana, kasi huongezeka, kama mtoto anayejizungusha halafu akakunja mikono kifuani. Si kila wingu linalozunguka huzaa tonado, na hilo pia aambiwe.

Ijumaa, tarehe 4 Mei 2007, kama saa nne kasorobo usiku, tonado yenye upana wa kilomita 2.7 ilipita juu ya Greensburg. Upepo ulikadiriwa kuwa na kasi ya kilomita 330 kwa saa. (Yale mawe tunayoweka juu ya mabati yasingesaidia chochote.) Asilimia 95 ya mji ikabomoka: shule, hospitali, makanisa, maduka. Zaidi ya watu kumi walikufa. Mtoto akiuliza kama kuna waliokufa, asidanganywe. Mwambie pia kwamba mji ulikuwa na watu wapatao 1,400, na wengi walipona kwa sababu ving'ora vililia kama dakika 20 mapema, wakakimbilia vyumba vya chini ya ardhi.

Na kesho yake je? Hapa ndipo vikundi vyetu vitapata la kuzungumza. Wajitoleaji walifika kuondoa vifusi, wengi wao wakiwa watu wa makanisa. Wenyeji walifanya mikutano ndani ya hema kubwa, maana ukumbi haukuwepo tena. Wakabishana: tujenge haraka kama zamani, au tujenge vizuri zaidi? Wengine waliogopa gharama, na sisi tunaona walikuwa na haki ya kuogopa. Mwishowe baraza la mji likaamua kwamba majengo makubwa ya umma yajengwe kwa kiwango cha juu kabisa cha kutopoteza umeme na maji. Nje ya mji ikasimamishwa mitambo 10 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Ndiyo, upepo ule ule!

Watoto walianza masomo tena Agosti 2007 ndani ya matrela. Shule mpya ya kudumu ilifunguliwa mwaka 2010. Hiyo ni miaka mitatu, na mtoto wa darasa la kwanza alikuwa tayari ameingia la nne. Familia nyingine hazikungoja. Zilihamia kwingine na hazikurudi, na sensa ya 2020 ilikuta watu chini ya 800.

Mtoto wako akiuliza, "Na kwetu itakuja?" mjibu ukweli: tonado kubwa namna hiyo ni nadra sana huku, ingawa wavuvi wa Ziwa Victoria huona nguzo za maji zikizunguka na hugeuza mashua mapema. Kisha mwonyeshe ni wapi hapo nyumbani mtajikinga upepo mkali ukija: mbali na madirisha na miti mikubwa.