Vinasaba vya Wahadzabe na Haki ya Kutibiwa Saratani

Saratani huanza pale vinasaba vya chembe hai ya mwili vinapoharibika, chembe hiyo ikazaana pasipo mpaka. Ndiyo maana siku hizi madaktari bingwa huupima uvimbe wenyewe ili kumchagulia mgonjwa dawa imfaayo. Kwa mfano, katika saratani ya matiti, dawa ya trastuzumab huwafaa wagonjwa ambao uvimbe wao una protini ya HER2 kwa wingi.

Kipimo cha vinasaba husomwa kwa kulinganishwa na vinasaba vya watu wengine waliokwisha kupimwa. Sehemu kubwa ya hazina hiyo duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hivyo badiliko la kawaida kwa Mwafrika laweza kudhaniwa kuwa ugonjwa, na lile la hatari likapita bila kutambuliwa.

Ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao huishi Munguli wilayani Mkalama, wamekwisha kuichangia hazina hiyo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha usomaji kamili wa vinasaba vya watu 15 wa jamii zenye asili ya uwindaji barani Afrika: Wahadzabe 5, Wasandawe 5 na watu 5 wa misitu ya Kameruni.

Hata hivyo, mama wa Munguli aonaye uvimbe katika titi lake huhitaji kwanza mhudumu wa zahanati atakayemsikiliza, maabara ya kuchunguza kinyama cha uvimbe, na nauli. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka mjini Singida. Hospitali ya Bugando, iliyo ya Kanisa, iko Mwanza.

Kanisa hufundisha kwamba Mungu aliwakusudia watu wote mema ya dunia. Katika waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo II alitaja maarifa na ufundi kuwa mali kuu ya nyakati zetu. Basi, maarifa yaliyotokana na miili ya Wahadzabe nayo ni mema yanayopaswa kuwafikia Wahadzabe wenyewe.

Twaweza kuanza na lililo karibu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na WAWATA zitenge nauli ya mgonjwa, zimpatie mkalimani anayeijua lugha yake, na mtu wa kumsindikiza hadi hospitali ya rufaa. Na watafiti wajapo tena, tuwaulize pamoja na wenyeji: matunda yatarudi lini Munguli?