Istanbul: Mabara mawili kwa kadi moja

Usiku na mchana, ndege kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar hushusha Istanbul abiria wanaounganisha safari. Wenye viza na saa za kutosha huchukuliwa na basi la watalii, wakapiga picha mbele ya Ayasofya, wakarudishwa uwanjani. Mimi nawashauri wanunue kadi iitwayo Istanbulkart, wapande basi wanalopanda wenyeji. Huu ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, na hao watu hawamo ndani ya basi la watalii.

Safari yangu ilianzia Eminönü, palipo na gati za vivuko na vituo vya mabasi, na harufu ya mkate wa duara wenye ufuta, simit, imetanda hewani. Basi la kwenda Eyüpsultan hufuata ukingo wa Haliç, mkono wa bahari unaoingia upande wa Ulaya wa mji. Linapita Fener, yaliko makao ya Patriaki wa Kiorthodoksi. Mbele kidogo, ukikaa dirisha la kulia, utaliona kanisa la Wabulgaria la Mtakatifu Stefano, lililojengwa kwa chuma. Vipande vyake viliundwa Vienna, vikaletwa kwa maji kupitia Mto Danube na Bahari Nyeusi, na kanisa likafunguliwa mwaka 1898.

Kondakta hakuna. Basi likijaa, watu hupandia mlango wa nyuma. Aliyepanda nyuma humpa jirani kadi yake, jirani naye humpa aliye mbele yake, mpaka ifike kwenye mashine iliyo karibu na dereva. Ikishakatwa nauli, hurudi kwa mwenyewe kupitia mikono ile ile. Mama mmoja alinipa yake bila kunitazama mara mbili, nikaipeleka mbele, iliporudi nikampa. Kadi ile ilikuwa na pesa ndani, na mimi ni mgeni nisiyejua hata kuamkia kwa lugha yake. Kuaminiwa na watu wasiokujua ni heshima, na heshima hiyo niliipata ndani ya basi kabla ya kuipata penginepo.

Eyüpsultan ni mji ndani ya mji. Hapa amezikwa Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, aliyefariki wakati Waislamu walipouzingira mji huu katika karne ya saba. Msikiti wa kwanza kando ya kaburi lake ulijengwa 1458, miaka mitano baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji; uliopo sasa ulikamilika 1800. Wanaoshuka kituoni ni familia, na wavulana waliovishwa majoho meupe kwa ajili ya sherehe ya tohara.

Kutoka hapo unaweza kutembea hadi Ayvansaray, kuta za kale za Konstantinopoli, jina la zamani la mji huu, zinapokutana na maji, ukapande Metrobüs. Hili ni basi la mwendokasi lililoanza 2007, lenye barabara yake katikati ya barabara kuu, na halilali usiku. Mtu wa Afrika Mashariki atashangaa kidogo: Waturuki huendesha kulia, lakini kwenye njia hii mabasi hupita kushoto kama kwetu. Majukwaa yako katikati ilhali milango ya mabasi iko kulia, kwa hiyo mabasi yalibadilishwa upande ili milango ielekee abiria.

Baada ya kituo cha Zincirlikuyu basi hupanda daraja la mlango-bahari wa Bosphorus lililofunguliwa Oktoba 1973, Jamhuri ya Uturuki ilipotimiza miaka 50. Chini zinapita meli za mizigo zinazotoka Bahari Nyeusi. Ukishuka ng'ambo umeingia Asia, na kwa mfanyakazi aliyesimama kando yako hiyo ni safari ya kila siku.

Jambo lililonigusa zaidi liko kwenye vituo vya kushukia. Unapoingia Metrobüs, kadi hukatwa nauli ya safari ndefu kuliko zote. Ukishuka mapema, unaigusisha kwenye mashine nyingine, nayo inakurudishia kilichozidi. Wa safari fupi hamlipii wa safari ndefu. Mwisho wa njia ni Söğütlüçeşme, karibu na Kadıköy, na kadi hiyo hiyo itakurudisha Ulaya kwa kivuko.

Dar es Salaam ina mwendokasi tangu 2016, na miji mingine ya kwetu inapanga wa kwake. Mijadala yetu hujaa lami, idadi ya magari na wazabuni. Hayo ni ya lazima, lakini abiria hupima usafiri kwa jinsi unavyomtendea: kama nauli yake inalingana na safari yake, kama mlango wa basi umewekwa upande anaposimama, kama mgeni anaweza kupanda bila kumtegemea dalali. Haya huamuliwa mezani, kabla basi la kwanza halijanunuliwa, na wanaoyaamua wanapaswa kwanza kupanda mabasi ya miji wanayoiiga, pamoja na wananchi wake.